Siku Niliyomfukuza Mtani

Binti yetu alizikwa siku ya Jumatano, saa kumi jioni. Nitaanza na asubuhi ya siku ile, kwa sababu kosa langu nililifanya asubuhi, mbele ya watu, na wengi wao waliona nimefanya vizuri.

Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alifundisha watoto wa chekechea na bado aliishi nasi hapa Ipuli. Homa ilimshika Jumamosi, na Jumatatu mchana daktari alitoka akatuambia tukae kwanza. Alikuwa kitinda mimba. Kaka zake wawili wana maisha yao, mmoja Kahama na mwingine Mwanza, kwa hiyo alipoondoka yeye nyumba ilibaki na mimi na mama yake tu.

Mimi ni fundi baiskeli. Banda langu liko Mtendeni, na shule yangu iliishia darasa la saba. Wakati ule nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na hilo nalitaja kwa sababu lina sehemu yake katika kosa lenyewe.

Asubuhi ile watu walikuwa wamejaa uani. Wanaume tulikaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, na wanawake walikuwa ndani na barazani, kwenye mikeka. Mapadre wawili walikuwa wametoka seminari ya Kipalapala kwa heshima ya mke wangu, ambaye alipika jikoni kule miaka mingi. Niliwaketisha mbele, kwenye viti vyenye mito.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu ni bibi wa Kizaramo. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa reli, na reli ndiyo iliyowaleta Tabora wakiwa vijana. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kurudi. Kwa miaka thelathini bibi yule hakuwahi kunisalimia kwa jina. Aliniita mpagazi. Mimi nilimwita mla nazi. Akipita bandani kwangu alikuwa akisema, "Mpagazi, siku hizi mnabebesha baiskeli mizigo yenu, mabega yamechoka?" Nami namjibu kwamba tungemwachia yeye abebe, mzigo usingefika hata Urambo.

Siku ya msiba mtani ana kazi yake. Anapika, anachota maji, anawasumbua wafiwa, na anamwigiza marehemu. Hilo nilijua toka utotoni. Msiba wa baba yangu mzazi, watani walilala kwenye kaburi wakakataa kutoka, na sisi tuliokuwa tunalia tukajikuta tunacheka.

Basi bibi alitokea upande wa jikoni. Alikuwa amejifunga kanga ya mke wangu, ile ambayo binti yetu alikuwa akiichukua kila siku bila kuomba. Alipita katikati ya watu kwa hatua za haraka, kichwa mbele, mkono mmoja unapunga, kama binti yangu alivyotembea. Akafika barazani, akajibwaga kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

Mwanamke mmoja aliyejua mchezo akamwita, "Wewe! Njoo uoshe vyombo!"

"Nimeshakuja!" bibi akajibu, hajatikisika. "Mama, huoni nimeshafika? Miguu tu ndiyo iko nyuma!"

Hayo yalikuwa maneno ya binti yangu. Kila jioni aliyasema akiwa amekaa vilevile. Bibi aliyatoa kwa sauti ya mtoto mwenyewe, na ule uvivu wake, na kile kicheko chake kilichokuwa kinaanza kabla maneno hayajaisha. Barazani wakaangua kicheko. Padre mmoja alikuwa anatabasamu.

"Na kanga hii sijaichukua," bibi akaendelea. "Imenifuata yenyewe!"

Nilimwona mke wangu. Tangu Jumatatu alikuwa ameinamisha uso, hajala, hajasema. Pale aliinua kichwa. Midomo yake ilianza kufunguka.

Nikasimama. Nilivuka ua, nikamshika bibi mkono, nikamwinua.

"Toka," nikamwambia. "Hapa si kijiweni. Hapa kuna mapadre, kuna msiba wa watu wenye heshima zao."

"Mtani," alisema, bado anacheka kidogo, "unanifukuza msibani?"

"Vua kanga ya mke wangu utoke."

Aliivua. Aliikunja vizuri, mara mbili, akaiweka juu ya mkeka, akaenda kwake. Baadaye wazee wawili wa jumuiya walinipa mkono, wakaniambia mambo ya zamani hayafai tena, nimeonyesha ukomavu. Mke wangu alikuwa ameinamisha uso tena.

Siku za matanga zilipokwisha na watu wakaondoka, niliweka utaratibu nyumbani. Nilikusanya nguo za binti yetu, daftari zake na viatu, nikavifungia ndani ya sanduku na kulisukuma chini ya kitanda. Picha yake ya ukutani niliitoa. Nikamwambia mke wangu, "Tusimtaje ovyo. Ukimtaja utajitonesha. Jikaze, mama, tuendelee." Nilidhani namsaidia. Naye alikubali, au mimi nilichukua kimya chake kuwa kukubali.

Alianza kupungua kidogokidogo. Kwanza aliacha kwenda sokoni. Kisha akaacha kwaya. Muuza maziwa alikuwa akipita asubuhi na baiskeli yake, anaamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu!" na mke wangu, aliyekuwa akimjibu kwa bashasha akiwa bado jikoni, akawa anamwacha mpaka anaondoka. Ugali uliungua mara tatu katika wiki moja. Nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na nilipomwuliza anakwenda wapi alisema hakumbuki kama anavaa au anavua. Alilala mchana kutwa na kuamka amechoka.

Nilimwambia ajikaze. Neno hilo nililisema mara nyingi sana, na kama maneno yangekuwa yanarudi mdomoni, hilo ndilo ningelirudisha la kwanza. Nilimwambia wapo waliofiwa na watoto watatu na bado wanalima. Niliwaleta wanajumuiya wamwombee. Waliomba vizuri, naye akawashukuru, akarudi kitandani. Shangazi yangu alikuja kutoka kijijini akasema huu si ugonjwa bure, kuna mtu. Huyo nilimpandisha gari arudi kwake. Angalau hilo sikulikosea.

Mwezi wa nne baada ya mazishi kichwa kilimsumbua sana, tukaenda hospitali. Wakapima malaria, hakuna. Wakapima shinikizo la damu, liko sawa. Daktari, kijana mpole, alimwuliza mke wangu maswali mengi: analala vipi, anakula vipi, kuna nini nyumbani. Mke wangu akajibu tumefiwa. Daktari akaandika karatasi, akanipa mimi, akasema, "Baba, mpeleke mama kwa mshauri nasaha. Yuko jengo la nyuma, Jumanne na Alhamisi. Usichelewe."

Jengo lile nililifahamu. Kila mtu hapa alilifahamu. Ndipo watu walipokuwa wakipewa ushauri nasaha kabla na baada ya kupima ukimwi, na nje ya mlango lilikuwepo benchi la bluu. Miaka ile mtu akikalia benchi lile, kabla hajafika nyumbani mtaa umeshamwuguza na kumzika. Mambo yamebadilika tangu zamani hizo, lakini kichwani kwangu benchi lilikuwa lilelile. Nilijiona nimekaa pale na mke wangu, mimi mwenyekiti, wateja wangu wanapita na baiskeli nilizozitengeneza mwenyewe.

Nikamwambia mke wangu, "Daktari kasema upumzike tu, unywe maji mengi."

Karatasi niliikunja nikaiweka bandani, kwenye kopo la spoki. Ilikaa mle miezi mitano. Kila nilipotafuta spoki niliiona. Nilikuwa naisogeza pembeni, nachukua spoki, naendelea na kazi. Sitafuti namna ya kulisema hili likawa jepesi. Nilijua iko pale.

Asubuhi moja, wakati wa mavuno ya karanga, nilikuwa natoa baiskeli niende kazini. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake ya ndani tu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Akaniambia, taratibu kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi:

"Baba, ningepata mahali pa kwenda nisirudi, ningeenda leo."

"Kwa nani?" nikauliza. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

"Si kwa mtu."

Baiskeli niliiangusha palepale. Nilimkalisha, nikamwomba jirani wa mkono wa kushoto akae naye asimwache hata dakika moja, nikaenda bandani, nikamwaga kopo zima chini na kuichukua ile karatasi. Ilikuwa na grisi na imechanika kwenye mikunjo. Ilikuwa Alhamisi. Saa nne tulikuwa tumekaa kwenye benchi, ambalo kumbe walikuwa wameshalipaka rangi ya kijani. Watu walipita. Mteja wangu mmoja alipita, akasema "Shikamoo fundi, shikamoo mama," akaendelea na safari yake. Basi. Hicho ndicho kitu nilichokiogopa miezi mitano.

Mshauri alikuwa mwanamke wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alituamkia sote wawili, akafunga mlango, akaipokea karatasi. Aliiangalia tarehe, akaniangalia, akaiweka kwenye faili. Ningependa angenigombeza.

Mke wangu alimwambia yale aliyoniambia mlangoni. Mshauri hakushtuka wala hakumhubiria. Alimwuliza waziwazi kama amewahi kufikiria namna ya kujidhuru, na kama nyumbani kuna kitu cha hatari, na mke wangu akajibu, na mimi nikasikia majibu ambayo sikuyajua nikiishi naye chumba kimoja. Kisha mshauri akatueleza kwamba hali hii ni ugonjwa, unaitwa sonona, kwamba si uvivu wala imani haba, na kwamba unatibika kwa mazungumzo na pengine kwa dawa pia, na kwamba ataonana na daktari. Halafu akasogeza kiti.

"Mama, binti yenu alikuwa anaitwa nani?"

Mke wangu aligeuka, akanitazama mimi. Nilichukua muda kuelewa anataka nini. Alikuwa anaomba ruhusa.

Miezi tisa. Nilitikisa kichwa kumkubalia. Akalitaja jina la mtoto wake, kwa sauti ya chini, halafu akalitaja tena, na machozi yakatoka.

Mshauri aliniomba nikasubiri nje. Nilikaa pale bila kazi ya mikono, jambo nisilolizoea. Baada ya muda mrefu nilisikia kitu kupitia mlango, nikadhani analia. Nikasikiliza vizuri. Alikuwa anacheka. Alikuwa anamsimulia mtu asiyemjua habari za mtoto wetu, na anacheka. Nilifurahi, ndiyo, lakini nitasema kweli, kabla ya kufurahi niliona wivu. Nilijiuliza yule mwanamke amempa nini ambacho mimi sina. Hakuwa amempa kitu zaidi ya kumwuliza.

Tulikuwa tukienda kila Alhamisi. Daktari alimwanzishia vidonge, akatuonya havifanyi kazi kwa siku mbili, na kweli, wiki za mwanzo hazikuwa na tofauti. Niliacha uenyekiti ili niwe nyumbani asubuhi. Wiki ya sita au ya saba mke wangu alitoka nje mwenyewe akanunua maziwa.

Ndipo mshauri alipotoka siku moja, akaniita. "Baba, leo na wewe uingie."

"Mimi siumwi," nikasema.

"Hakuna aliyesema unaumwa, baba. Na wewe si umefiwa?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Watu walinipa pole wakiwa wananiangalia kama mwenye shughuli, nami nilijiweka hivyohivyo. Niliingia, nikakaa karibu na mke wangu. Mshauri akaniomba niseme jambo moja tu kuhusu binti yangu, lolote. Nilitafuta. Jambo lililokuja mbele ya mengine yote lilikuwa siku ile ya bibi na kanga, nikalisimulia. Nikasema nilimfukuza kwa sababu ya mapadre.

Mshauri aliandika mstari mmoja, akaweka kalamu chini.

"Si kweli," nikasema. "Mapadre hawakuwa na shida. Alimwigiza sawasawa mno. Niliisikia sauti yake. Nikaona nikikaa dakika moja zaidi nitalia kama mtoto, watu wote wananiangalia. Ndiyo maana nikamtoa."

Mke wangu alikuwa anaangalia mikono yake. "Mimi nilikuwa nataka kucheka," alisema. "Kicheko kilikuwa kimeshafika hapa." Akagusa koo. "Ukaja ukakikatisha. Nikasema, basi, kumbe hata hilo haliruhusiwi. Nikalimeza. Na mengine yote yaliyofuata nikawa nayameza."

"Ungeniambia."

"Nikuambie lini, baba? Ulikuwa umeshaweka sheria."

Nililia pale, kwenye kiti cha plastiki, karibu mwaka mzima baada ya watu kufunga turubai. Mke wangu hakunishika. Alinisogezea kitambaa tu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa bibi wa Kizaramo. Tangu msiba alikuwa akinisalimia "habari za asubuhi, mzee", salamu safi isiyo na tusi, na kwa watani hiyo ni adhabu kubwa. Nilimkuta anapepeta mchele. Nilimwomba msamaha. Nikamweleza mke wangu alivyougua, nikamwambia kama inawezekana, aje siku moja amwigize tena binti yetu, mama yake amwone.

Alipepeta kwanza ungo mzima.

"Mpagazi," alisema hatimaye, na mimi nikahisi kitu kikilegea mgongoni, "mambo haya yana siku yake. Siku ile nilikuwa naye mwilini. Niliamka naye, sauti yake, miguu yake. Sasa nitampata wapi? Nitakuja kuruka-ruka barazani kwako kama kizee kilichochanganyikiwa."

"Nimekosa, mtani."

"Umekosa sana. Umemdhulumu mama wa watu." Akapuliza makapi. "Lakini mkeo nitakuja kukaa naye. Kukaa, siyo kuigiza. Na wewe ukifa, usifikiri utapona. Nitakuja na pampu ya baiskeli nikujaze upepo mpaka mapadre wakimbie."

Anakuja kweli. Wanakaa jikoni wawili, wanamsema binti yetu, kuna siku wanacheka na kuna siku bibi anaondoka bila kuaga kwa sababu mwenyeji wake ameshindwa kuinuka kitandani. Maana siku hizo bado zipo. Mke wangu hajarudi kuwa yule wa zamani, na mshauri alitueleza mapema kwamba tusimsubiri yule wa zamani. Kliniki sasa ni mara moja kwa mwezi. Vidonge anaendelea navyo. Ugali hauungui. Swali lile la mahali pa kwenda, namwuliza mwenyewe, wazi, kama nilivyofundishwa, naye ananijibu, na majibu yake yamekuwa mazuri kwa muda mrefu sasa.

Ninachokihesabu mimi ni ile miezi mitano ya kopo la spoki. Mshauri ananiambia nisijipige kila siku, ila nisijidanganye pia. Ya pili naiweza. Yapo mambo ya binti yetu ambayo mke wangu aliyasahau katika miezi ile, kwa kulala na kumeza. Anaanza kusimulia, halafu anasimama katikati. Ananiuliza mimi. Mengine nami sikumbuki, kwa sababu sikutaka kuyasikia yakisemwa wakati bado mabichi.

Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa barazani asubuhi, kabla sijatoka kwenda bandani. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Nilikuwa nimelibeba swali muda mrefu, nikaona nilitue.

"Mama, umenisamehe?"

Alimaliza mstari aliokuwa anausuka. Aliuvuta ukakaza, akaukagua kwa kidole.

"Bado," alisema.

Kisha akanisogezea ncha ya ukili, nishike upande wa pili apate kuunyoosha. Nikaushika. Kazini siku ile nilifika nimechelewa.